Kumtambua Usubi wa Maji Baridi: Hadubini na DNA kwa Mdudu Mmoja

Usubi wasiouma ni wadudu wadogo wa familia ya Chironomidae, jamaa wa mbu na nzi, ambao huishi majini wakiwa wachanga na kuruka hewani kwa siku chache tu wakishapevuka. Spishi zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zimepita 7,000, na nyingine nyingi bado hazijaandikwa na mtu yeyote. Hakuna bara wasikokuwapo. Belgica antarctica, asiye na mabawa, huishi Antaktika. Polypedilum vanderplanki huishi katika vidimbwi vya juu ya miamba barani Afrika. Lava wake hukauka kabisa jua linapokausha dimbwi, kisha huzinduka na kuendelea kukua mvua ikinyesha. Kwenye Ziwa Viktoria, usubi hawa pamoja na binamu zao wa familia ya Chaoboridae hupanda kutoka majini kwa mawingu ambayo mtu aliye mbali huyadhania moshi wa nyika inayoungua. Wakazi wengi wa kando ya ziwa hilo huwaita sami. Kwenye Ziwa Nyasa jina ni kungu, na huko hukusanywa, hupondwa na kutengenezwa mikate. Mdudu mkuu wa mikate hiyo ni Chaoborus edulis.

Jina la spishi lina kazi yake. Lava wa jenasi Chironomus ni wekundu kwa sababu damu yao ina himoglobini, na kwa hiyo humudu kuishi katika tope lisilo na oksijeni ya kutosha, hata pale maji taka yanapomwagikia. Spishi nyingi za nusufamilia ya Orthocladiinae hazivumilii hali hiyo. Hutaka maji ya baridi yanayokwenda kasi juu ya mawe. Nchini Sudan, kando ya Mto Naili, Cladotanytarsus lewisi anajulikana kwa kuwaletea watu mafua ya mzio na pumu. Anayejua ni spishi zipi zimo mtoni anajua mengi kuhusu maji yale bila kupima kemikali hata moja. Hata hivyo, ripoti nyingi za ubora wa maji huishia kuandika neno moja, Chironomidae, na idadi pembeni yake. Hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa aina inayopenda uchafu na aina inayoukimbia zimetiwa katika kapu moja.

Utambuzi una njia mbili. Ya kwanza ni umbo: meno, manyoya, vipapasio na viungo vya uzazi vinavyoonekana kwa hadubini. Ya pili ni msimbopau wa DNA, yaani kipande kifupi cha jeni moja kinachosomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na vipande vya wadudu wanaojulikana. Umbo humshinda mtambuzi kwa lava wachanga, kwa majike, na kwa spishi zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. DNA nayo haimpi mdudu jina. Hueleza tu amekaribiana na nani kati ya wale ambao mtu mwingine alikwisha kuwataja kwa umbo lao. Kwa hiyo kazi nzuri huanza na uamuzi mmoja, kwamba DNA na umbo vitasomwa kwa mdudu yuleyule, na mwili wake utabaki baada ya DNA kutolewa. Hatua zote zinazofuata zinatumikia uamuzi huo.

Kumtenga na wasio wa familia yake

Usubi mpevu huchanganywa na mbu kila siku. Tofauti huonekana hata kwa lenzi ya mkononi. Mbu ana mrija mrefu wa kunyonyea na mabawa yenye magamba madogo. Usubi hana mrija huo, na mabawa yake ni maangavu au yenye vinyweleo tu. Wakitua ukutani, mbu huinua miguu ya nyuma, ilhali usubi wengi huinua ya mbele na kuitikisa. Wale wa familia ya Ceratopogonidae, ambao huuma kweli, ni wadogo zaidi na wengi wao hulaza mabawa mgongoni, moja juu ya jingine. Chaoboridae, ambao huruka katika wingu lilelile la ziwani, wana mishipa ya bawa inayofika ukingoni pande zote. Kwa Chironomidae mishipa iliyokolea imesogea mbele, na ya nyuma imefifia.

Lava ni rahisi zaidi. Lava wa Chironomidae ni kama mnyoo mwembamba mwenye kichwa kigumu, jozi ya vijiguu vyenye kulabu nyuma tu ya kichwa, na jozi nyingine mkiani. Lava wa Chaoborus ni maangavu kama kioo na ana vifuko vya hewa vinavyong'aa ndani ya mwili. Akimiminwa kwenye sahani nyeupe karibu haonekani, isipokuwa vifuko hivyo.

Kukusanya

Katika kijito, wavu husimamishwa chini ya mkondo, na mawe ya mbele yake huchokolewa kwa mguu ili maji yawasombe wadudu na kuwaingiza ndani. Matundu ya wavu yakizidi nusu milimita, lava wadogo hupita na orodha huwa ya spishi kubwa peke yake. Wavu wa robo milimita ni bora, ingawa huziba haraka kwa mchanga na majani. Ziwani, tope la chini huchotwa kwa chombo chenye taya kinachojifunga kikifika sakafuni, kisha huchekechwa. Kando ya maji, mawe na mabua ya matete huokotwa na kupekuliwa kwa kibano. Lava wengi hujijengea vijumba vya hariri na uchafu, na vikitiwa kwenye maji safi ndani ya sahani, wenyewe huanza kutoka baada ya muda.

Njia inayosahauliwa mno ni kukusanya maganda ya pupa. Usubi anapopevuka, pupa hupanda juu ya maji, hupasuka mgongoni, mdudu huruka, na ganda lililobaki huelea. Asubuhi maganda hayo hukusanyika kwenye povu, nyuma ya magogo na katika kona ambako maji huzunguka. Bakuli na chekecho laini vinatosha kuyachota. Ganda moja linathibitisha kwamba spishi ile imekulia pale hadi mwisho, na alama zake ni wazi kuliko za lava. Kasoro yake ni kwamba limebaki na DNA kidogo sana, kwa hiyo msimbopau lazima utoke kwa mdudu mwenyewe.

Wapevu hunaswa jioni kwa wavu wa mkono unaopitishwa kwenye majani ya kando ya mto, kwa taa yenye shuka jeupe, au kwa mtego wa Malaise, hema la chandarua lililobuniwa na Msweden René Malaise, ambalo huwaongoza wadudu juu hadi kwenye chupa ya alkoholi. Wingu dogo linalocheza juu ya kichaka au mwamba ni la thamani ya pekee: kwa kawaida ni madume, mara nyingi wa spishi moja, na dume ndiye mwenye alama ambazo majina mengi yamejengwa juu yake.

Pale ambapo muda unaruhusu, baadhi ya lava hufugwa. Kila mmoja hutiwa peke yake katika chupa ndogo yenye maji ya mahali alipotoka, kina cha sentimita chache, mdomo ukazibwa kwa pamba, na chupa zikawekwa kivulini. Akipevuka, chupa moja huwa na ngozi ya lava, ganda la pupa na mdudu kamili. Sampuli ya namna hiyo huunganisha hatua tatu za maisha bila ubishi, na hakuna mashine inayoitoa kwa uhakika zaidi.

Kuhifadhi

Makosa yanayoua DNA hutendeka siku ya kwanza. Fomalini, ambayo maabara nyingi za maji bado huitumia kwa mazoea, hufungamanisha DNA kiasi cha kutosomeka tena. Spiriti ya kuwashia majiko ina vitu visivyojulikana na haifai. Kinachohitajika ni ethanoli ya asilimia 96, nyingi kuliko wadudu mara kadhaa, na hubadilishwa siku inayofuata kwa sababu maji yaliyomo miilini mwao huipunguza nguvu. Chupa iliyojaa lava na matope hadi shingoni, ikamiminiwa alkoholi kidogo juu, ina wadudu waliooza hata kama wanaonekana wazima. Baada ya hapo hukaa mahali pa baridi na giza. Jokofu la kawaida linatosha kwa miezi mingi.

Lebo huandikwa kwa penseli kwenye karatasi ngumu na kuwekwa ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka katika alkoholi, na lebo iliyobandikwa nje hudondoka. Huandikwa nchi, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, aina ya maji, njia ya kukusanyia na jina la mkusanyaji. Lebo yenye neno "mtoni" na tarehe tu haitamsaidia mtu yeyote miaka kumi baadaye.

Kugawa mwili mmoja kwa kazi mbili

Kabla ya kukata, mdudu hupigwa picha na kupewa namba. Namba hiyo ndiyo itakayofuatana na picha, slaidi, DNA na mfuatano wa herufi. Ikikosewa hapa, hakuna hatua ya baadaye itakayoweza kuirekebisha.

Kwa mpevu, mabawa, vipapasio na miguu ya upande mmoja hutolewa na kuhifadhiwa kwa slaidi. Kifua na tumbo huingia kwenye kimiminika chenye kimeng'enya cha proteinezi K na kuachwa usiku kucha katika nyuzijoto 56 za Selsiasi. Kimeng'enya humeng'enya nyama na kuacha gamba la nje. Asubuhi kimiminika huwa na DNA, na gamba hutolewa likiwa angavu, viungo vya uzazi vikiwa kamili na safi kuliko mafundi wengi wanavyoweza kuvisafisha kwa mkono. Njia hii haimharibu mdudu, nayo inapaswa kuwa ya kawaida katika kila maabara inayoshughulika na wadudu wadogo.

Kwa lava, kichwa na pingili za mwanzo hukatwa kwa ajili ya slaidi, pamoja na ncha ya mkia yenye vijiguu na vishungi vya nywele. Katikati ya mwili ndiko DNA hutolewa, lakini utumbo huepukwa kadiri iwezekanavyo. Lava wa nusufamilia ya Tanypodinae ni wawindaji na hula usubi wengine. Anayesaga mwili mzima wa mwindaji anaweza kupata mfuatano mzuri kabisa wa windo lake.

Kibano husafishwa kati ya mdudu mmoja na mwingine: hutumbukizwa kwenye jiki iliyozimuliwa, kikasuuzwa kwa maji safi, kisha kwa alkoholi. Katika sahani ya visima 96, kisima kimoja angalau huachwa bila mdudu. Kisima hicho kikitoa DNA, sahani nzima imechafuliwa.

Kusoma umbo

Sehemu ambayo haikupitia kimeng'enya husafishwa kwa hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 iliyopashwa moto kidogo, hadi nyama iyeyuke. Kisha huwekwa katika asidi asetiki ili kukomesha kazi ya hidroksidi, hupitishwa kwenye ethanoli, na hatimaye hulazwa katika tone la Euparal, gundi angavu ya slaidi, juu ya slaidi na kufunikwa kwa kioo chembamba. Kichwa cha lava hulazwa kidevu kikitazama juu. Kioo hukandamizwa taratibu kwa ncha ya sindano mpaka mataya yafunguke pembeni. Kikikandamizwa kwa pupa, kichwa hupasuka na kila kitu hulala upande wake.

Kinachoonekana kwanza ni mentamu, bamba la kidevu lenye safu ya meno kama msumeno. Kwa lava wa Chironomus, jino la katikati limegawanyika mara tatu, la kati likiwa kubwa na mawili madogo yakilikumbatia, na kila upande kuna meno sita. Pembeni mwa mentamu kuna mabamba mawili mapana yenye mistari mingi kama pepeo. Mabamba hayo yenye mistari ni alama ya nusufamilia ya Chironominae. Katika kundi la Tanytarsini yanakaribia kugusana katikati, na vipapasio vimesimama juu ya vishina, huku ncha zake zikibeba viungo vidogo vya Lauterborn kwenye vikonyo virefu. Kwa Orthocladiinae mabamba ni madogo na hayana mistari hiyo. Tanypodinae wana sura nyingine kabisa: vipapasio hurudishwa ndani ya kichwa kama pembe za konokono, na mahali pa msumeno wa kidevu macho huvutwa na ligula, ulimi mgumu wenye meno machache, aghalabu manne au matano.

Meno huchakaa. Lava aliyekwangua mawe kwa wiki kadhaa anaweza kuwa na jino la katikati lililolika mpaka mgawanyiko wake haupo tena, naye akapelekwa kwenye jenasi isiyo yake. Dawa yake ni kuangalia lava kadhaa wa sampuli moja, na kumtafuta aliyetoka kujivua ngozi karibuni, mwenye meno makali. Katika tope lenye metali nzito meno hukosekana, huongezeka au hupinda. Kasoro hizo ni taarifa kuhusu maji, si alama za spishi mpya.

Pupa hutazamwa pembe za kifuani anazopumulia. Za Chironomus ni kishungi cha nyuzi nyingi nyeupe, za Tanypodinae hufanana na tarumbeta, na kwa baadhi ya Orthocladiinae hazipo. Safu za miiba na kulabu mgongoni mwa tumbo, na pindo la nywele mwishoni, ndizo zinazotenganisha jenasi na mara nyingi spishi.

Kwa dume mpevu, kazi kubwa ipo mwisho wa tumbo, katika viungo vya uzazi viitwavyo hipopigiamu. Kuna jozi ya vishikio vyenye vipande viwili. Kipande cha mwisho, gonostili, kwa Chironominae kimeunganishwa kwa ukakamavu na kuelekea nyuma; kwa Orthocladiinae na Tanypodinae hujikunja kwa ndani. Katikati hutokeza ncha ya mkundu, na kando yake vijiti vidogo viitwavyo volsela. Katika jenasi Tanytarsus, volsela ya juu ni kama kidole gumba kilichonona, chini yake huchungulia kidole chembamba, na volsela ya kati hubeba vijibamba ambavyo katika spishi moja ni kama vijiko na katika nyingine kama majani. Tofauti ya spishi mbili inaweza kuwa ni urefu wa kidole kile: kama kinavuka ukingo wa volsela au kinaishia chini yake. Ndiyo sababu slaidi iliyolala mshazari haina thamani kubwa, na ndiyo sababu mchoro uliofanywa na mtambuzi mwenyewe humfundisha kuliko picha kumi.

Mguu wa mbele nao hupimwa. Kwa Chironominae walio wengi, pingili ya kwanza ya unyayo ni ndefu kuliko muundi. Kwa wengine ni fupi. Uwiano huo huandikwa kwa kila dume.

Kwa Afrika, kitabu cha msingi bado ni kazi ya Paul Freeman kuhusu Chironomidae wa kusini mwa Sahara, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1955 na 1958, na inahusu wapevu. Kwa lava, kazi za Hilde Eggermont na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, zinafaa mno, ingawa zilitokana na vichwa vya lava vilivyozikwa kwenye matope ya maziwa ya Afrika Mashariki. Vichwa hivyo haviozi kwa maelfu ya miaka. Funguo za jenasi za nchi za kaskazini, zilizohaririwa na Torgny Wiederholm miaka ya 1980, husaidia, lakini kwa tahadhari. Ufunguo wa utambuzi hauna mlango wa kutokea: kila anayeuingia hupewa jina, hata kama mdudu wake hakujulikana na walioutunga. Mwaka 1994 Trond Andersen na Ole Sæther walimwandika Usambaromyia nigrala kutoka milima ya Usambara, Tanzania. Hakutoshea katika nusufamilia yoyote iliyokuwapo, ikabidi aundiwe yake, Usambaromyiinae. Ufunguo wowote uliochapishwa kabla ya hapo ungemsukumia kwa watu wasio wake. Kwa hiyo, baada ya ufunguo kutoa jina, maelezo kamili ya spishi husomwa mstari kwa mstari, na alama moja isiyopatana hutosha kusimamisha uamuzi.

Kusoma msimbopau

Wazo la kutumia kipande kimoja cha DNA kama msimbopau wa wanyama lilitangazwa mwaka 2003 na Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Kipande hicho ni herufi 658 za jeni ya COI, iliyomo katika mitokondria. Kila seli ina mitokondria nyingi, kwa hiyo hata mdudu wa milimita mbili hutoa nakala za kutosha. Kipande hukuzwa kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA, kwa kutumia praima (vipande vifupi vya kuanzishia nakala) mbili zilizochapishwa na Folmer na wenzake mwaka 1994, LCO1490 na HCO2198. Mchanganyiko hupashwa hadi nyuzi 94 ili nyuzi za DNA ziachane, hupozwa hadi karibu 50 ili praima zishike, na hupandishwa hadi 72 ili nakala ijengwe. Mzunguko hurudiwa mara 35 hivi. Kwenye jeli, kazi iliyofaulu huonekana kama mstari mmoja wa urefu wa herufi 700 hivi. Mistari miwili ni ishara ya matatizo.

Mfuatano husomwa kutoka ncha zote mbili, na masomo mawili hulinganishwa kwa macho, si kuachiwa programu peke yake. Kisha herufi hutafsiriwa kuwa asidi amino. Jeni halisi ya COI haina alama ya kusimama katikati. Ikionekana, kilichosomwa ni nakala mfu iliyohamia kwenye kiini cha seli zamani, na haifai kutumiwa.

Mfuatano safi hupelekwa kwenye kanzidata ya BOLD, ambako huwekwa katika kundi lenye namba pamoja na mifuatano inayofanana nao. Asilimia ya kufanana hurudi mara moja, na hapo watu wengi hujikwaa. Kiwango cha asilimia 2, kinachotajwa sana kuwa mpaka kati ya spishi na spishi, hakikuandikwa kwenye mwili wa usubi. Utafiti wa mwaka 2015 wa Xiaolong Lin, Elisabeth Stur na Torbjørn Ekrem juu ya misimbopau 2,790 ya jenasi Tanytarsus ulionyesha kwamba kwa jenasi hiyo mpaka unaofaa ni asilimia 4 hadi 5. Anayetumia asilimia 2 huko ataigawa spishi moja vipande viwili na kutangaza ugunduzi ambao haupo.

Jambo la pili la kukagua ni rekodi iliyorudishwa. Je, ina picha? Mwili wake uko makumbusho gani? Nani alimtaja, na kwa dume mpevu au kwa lava? Rekodi ya asilimia 99.8 iliyotajwa kwa kubahatisha haina uzito kama ya asilimia 97 yenye slaidi ya dume. Tangu 2007 Ekrem na wenzake walisisitiza kwamba bila maktaba kamili ya mifuatano msimbopau hauwezi kutambua usubi, na kwa Afrika Mashariki maktaba bado ni nyembamba. Usubi wa Usambara au Rwenzori mara nyingi hurudi bila jamaa wa karibu. Jibu hilo lisilazimishwe kuwa jina.

Ushahidi unapopingana

Mfano rahisi ni lava mwekundu aliyetolewa kwenye tope la ghuba ya ziwa. Mentamu inasema Chironomus, na jozi mbili za vijineli karibu na mkia zinakubali. DNA yake inalingana kwa asilimia 99 na dume aliyenaswa kwa taa kijijini, ambaye hipopigiamu yake imefika kwenye spishi katika Freeman. Hapo lava amepata jina, na hatua mbili za maisha zimeunganishwa bila kufuga. Majike wa sampuli ileile hupata majina kwa njia hiyohiyo; bila DNA wengi wao wangerudishwa chupani bila kutajwa.

Lakini wakati mwingine madume wenye umbo moja hugawanyika katika makundi mawili ya DNA yaliyo mbali. Slaidi zote hutolewa tena na kupimwa upya, kundi dhidi ya kundi. Mara nyingi tofauti ndogo iliyopuuzwa hujitokeza, kwa mfano idadi ya nywele kwenye bawa. Isipojitokeza, jeni ya kwenye kiini, kama CAD, husomwa pia. Mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na bakteria wa Wolbachia wanaweza kuisambaza au kuitenganisha kwa njia isiyofuata historia ya spishi. Jeni ya kiini ikikubaliana na COI, hoja ya spishi mbili inapata miguu.

Kinyume chake pia hutokea: majina mawili, kundi moja. Huenda spishi zimetengana karibuni mno, huenda zimewahi kuzaliana, au huenda jina moja lilitolewa kimakosa tangu mwanzo. Kwa jenasi Chironomus kuna shahidi wa tatu. Tezi za mate za lava aliyekomaa zina kromosomu kubwa ajabu zenye mistari, ambazo Balbiani aliziona kwa mara ya kwanza katika lava hao mwaka 1881. Mpangilio wa mistari hutenganisha spishi pacha ambazo meno hayazitenganishi. Kwa kazi hiyo baadhi ya lava wa hatua ya nne huhifadhiwa tangu mwanzo katika mchanganyiko wa ethanoli sehemu tatu na asidi asetiki sehemu moja, kwa kuwa ethanoli peke yake hukakamaza tezi.

Kutunza kilichopatikana

Mdudu asiyefikia jina la spishi huandikwa kwa jenasi na namba, mfano Tanytarsus sp. 1, na namba hiyohiyo hutumika katika slaidi, ripoti na BOLD. Neno "cf." huwekwa pale ambapo mdudu anafanana na spishi inayojulikana lakini alama moja haikubali, na alama hiyo hutajwa. Vibali hupatikana kwa tume za sayansi kabla ya kukusanya: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya. Sampuli zinapovuka mpaka kwenda kusomwa DNA, Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, hudai makubaliano na nchi zilikotoka. Nusu ya slaidi au zaidi hubaki katika makumbusho au chuo cha nchi hiyo, ili mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu asihitaji viza kumtazama mdudu wa ziwa lake.

Euparal huchukua wiki kadhaa kukauka, na slaidi hulazwa bapa muda wote huo. Lebo ya kushoto hubeba mahali na tarehe, ya kulia hubeba jina, jinsi au hatua ya maisha, namba ya DNA na mtambuzi. Chini ya jina huachwa nafasi ya jina jingine, kwa kuwa mtu wa baadaye mwenye maktaba kubwa zaidi atataka kuliandika. DNA iliyobaki hugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, na miili iliyobaki katika chupa huongezewa alkoholi kila mwaka kabla haijashuka chini ya kiwango cha wadudu.